Kugawa kwa Idadi Ipi: Niliyojifunza Nikikokotoa Wastani katika Django

Nilipoanza kuandika mfumo wa kutunza alama za wanafunzi kwa kutumia Django, kiunzi cha kutengenezea mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python, wastani ulikuwa sehemu ya kazi ambayo sikuitengea muda wowote katika mpango wangu. Kujumlisha na kugawa ni hesabu ya shule ya msingi, na kiunzi chenyewe kina chombo kiitwacho Avg kinachoimaliza kwa mstari mmoja wa msimbo. Leo, nikipitia kumbukumbu za makosa yaliyoripotiwa na walimu waliokuwa wakiutumia mfumo ule, naona kwamba yaliyonigharimu siku nyingi zaidi karibu yote yalihusu wastani. Kujumlisha hakukuwahi kunisumbua. Kilichonisumbua kila mara ni ile idadi ya chini, yaani tunagawa kwa wangapi, na nani aliingizwa katika hesabu hiyo bila mimi kujua.

Msimbo wangu wa kwanza haukutumia Avg hata kidogo. Niliagiza rekodi zote za alama kutoka kwenye hifadhidata, nikazipitia moja baada ya nyingine katika Python huku nikijumlisha na kuhesabu, kisha nikagawa. Kwenye kompyuta yangu, iliyokuwa na alama thelathini hivi za kujaribia, ukurasa ulifunguka papo hapo. Kwenye seva ya matumizi halisi, alama zilipofika makumi ya maelfu, kila aliyefungua ukurasa wa muhtasari aliilazimisha seva kusafirisha mistari yote hiyo, kuujengea kila mmoja umbo lake katika kumbukumbu, na kuitupa yote baada ya kupata namba moja tu. Nilipohamia kwenye aggregate, agizo la Django la kukusanya rekodi kuwa namba moja, pamoja na Avg, hifadhidata yenyewe ilifanya hesabu na kurudisha mstari mmoja. Viunzi vingine navyo vina kitu hicho: Rails ina average na Laravel ina avg kwa kazi hiyohiyo, ingawa anayetumia Laravel ana jambo la kuangalia: avg ipo kwenye ulizo, yaani swali linalotumwa kwenye hifadhidata, na ipo pia kwenye mkusanyiko wa rekodi zilizokwisha kuletwa, kwa hiyo mistari miwili ya msimbo inayofanana sana inaweza kufanya kazi mbili tofauti, mmoja ukihesabu ndani ya hifadhidata na mwingine ukirudia kosa langu la mwanzo.

Ukurasa ukawa mwepesi, nami nikaridhika. Siku iliyofuata mwalimu mmoja akaandika kuuliza kwa nini wastani wa darasa lake umepanda usiku mmoja bila alama yoyote kubadilishwa.

Sababu ilikuwa kwamba msimbo wangu wa zamani ulihesabu alama iliyoachwa wazi kuwa sifuri, kwa sababu bila kufanya hivyo Python ingekataa kujumlisha thamani tupu na namba, na mimi nilitaka tu makosa yaishe. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, haifanyi hivyo. AVG hupita juu ya thamani tupu kana kwamba mstari ule haupo: haiiongezi kwenye jumla, na haiihesabu katika idadi ya kugawia. Chukua wanafunzi watano, watatu wana 80, 70 na 90, na wawili hawajaandikiwa kitu. Msimbo wa zamani uligawa 240 kwa 5 ukapata 48. Hifadhidata iligawa 240 kwa 3 ikapata 80. Kati ya 48 na 80 kuna umbali wa mwanafunzi aliyefeli na mwanafunzi anayepongezwa, na mfumo wangu ulikuwa umevuka umbali huo bila kumuuliza mtu yeyote.

Jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kuamua mwenyewe jibu sahihi ni lipi. Nashukuru kwamba badala yake nilimpigia simu yule mwalimu. Nilimuuliza, "Mwalimu, hawa wawili ambao nafasi zao ziko wazi, walikosa mtihani au walipata sifuri?" Akajibu, "Wa kwanza ana ruhusa ya ugonjwa, nitampa mtihani wake akipona. Wa pili alikuwepo, akarudisha karatasi haina kitu." Kwa maneno hayo machache nikaelewa kwamba namba zote mbili hazikuwa sahihi. Aliyerudisha karatasi tupu alistahili sifuri na alistahili kuhesabiwa. Mgonjwa hakustahili kuhesabiwa kwa wakati ule. Wastani wa kweli ulikuwa 240 kugawa kwa 4, yaani 60, na hakuna ulizo lolote ambalo lingeweza kuupata kutoka kwenye jedwali langu, kwa sababu nilikuwa nimeacha hali mbili tofauti kabisa ziwakilishwe na uwazi uleule. Niliongeza uga wa hali ya mtihani, wenye maneno ya kuchagua kama "amefanya", "ana ruhusa" na "hakuja", na kuanzia hapo alama haikuweza tena kuachwa wazi kwa mtu aliyefanya mtihani. Naamini hadi leo kwamba hilo ndilo badiliko lenye manufaa kuliko yote niliyowahi kufanya katika mfumo ule, nalo halikugusa hata mstari mmoja wa hesabu ya wastani.

Suala la darasa lisilo na alama yoyote linafanana na hilo, ila ni jepesi zaidi. Avg haina cha kugawa, hivyo Django hurudisha None, Rails hurudisha nil, yote mawili yakiwa na maana ya thamani tupu, na kiolezo, yaani faili linalopanga ukurasa, kikitarajia namba huvunjika au huonyesha neno lisilo na maana kwa msomaji. Tangu toleo la 4.0, Django inaruhusu kutaja thamani mbadala ndani ya Avg yenyewe, na kabla ya hapo watu walitumia Coalesce, ambayo huweka thamani mbadala mahali pa ile tupu. Nami nilikimbilia kuweka sifuri. Matokeo yake, madarasa mapya ambayo hayajafanya mtihani wowote yakajipanga mwishoni mwa orodha kama madarasa dhaifu kuliko yote. Niliiondoa ile sifuri, nikaacha None ifike hadi kwenye kiolezo, na kiolezo kikaandika "bado hakuna alama". Kutokuwa na wastani ni taarifa kamili, na sifuri huifuta.

Sasa nifike kwenye kosa lililoniumiza zaidi, kwa kuwa lilikaa ndani ya mfumo kwa muhula mzima bila kuonekana. Walimu walitaka kujua wastani wa wanafunzi walio katika vikundi vya masomo ya ziada, wapate kuulinganisha na wa wengine. Mwanafunzi mmoja aliweza kuwa katika vikundi kadhaa. Niliandika ulizo linalochuja alama kwa kupitia mwanafunzi hadi kwenye vikundi vyake, nikaongeza Avg, na namba iliyotoka ilionekana ya busara kabisa. Lakini kuchuja kwa njia hiyo huifanya hifadhidata iunganishe majedwali, na muunganisho hutoa mstari mmoja kwa kila jozi ya alama na kikundi. Mwanafunzi mwenye 90 aliye katika vikundi vitatu hutokea mara tatu, na mwenye 60 aliye katika kikundi kimoja hutokea mara moja. Wastani wa wanafunzi hawa wawili ni 75. Ulizo langu lilijumlisha 90 mara tatu na 60 mara moja, likagawa 330 kwa 4, likatoa 82.5. Kwa kuwa wanafunzi wenye bidii ndio waliojiunga na vikundi vingi, ripoti yangu ilikuza faida ya masomo ya ziada, na kuna watu walioitumia ripoti hiyo kupanga ratiba.

Ningependa kueleza kwa nini kosa hili hujificha vizuri namna hiyo. Mistari inapojirudia, jumla huongezeka na kila mtu huiona: ukitarajia 150 ukapata 330, unashtuka. Wastani hauna ishara hiyo. Mistari ikirudiwa, jumla na idadi hukua pamoja, na kama kila mwanafunzi angekuwa katika vikundi viwili viwili, wastani usingetikisika hata kidogo ingawa ulizo lingekuwa na kosa lilelile. Urudiaji ukiwa na upendeleo mdogo, wastani husogea kidogo tu, na namba iliyosogea kidogo haimshtui mtu. Nyaraka za Django zinaonya waziwazi kwamba kukusanya hesabu kadhaa kupitia mahusiano mengi kwa mpigo mmoja hutoa matokeo yasiyo sahihi kwa sababu ya muunganisho wa majedwali. Nilikuwa nimelisoma onyo hilo. Nililichukulia kuwa linahusu Count na Sum, zinazohesabu idadi na kujumlisha, nikadhani wastani uko salama.

Lililofichua kosa ni bahati. Mwalimu mkuu aliomba idadi ya wanafunzi iandikwe kando ya wastani, nikaongeza Count katika ulizo lilelile, na ukurasa ukadai kuwa vikundi vya ziada vina wanafunzi wengi kuliko shule nzima. Tangu siku hiyo siandiki Avg bila Count pembeni yake katika ulizo hilohilo, hata pale ambapo hakuna aliyeniomba idadi, kwa sababu Count huniambia kwa sauti jambo ambalo Avg hulinong'ona tu.

Nilipotaka kurekebisha, nilifanya kosa la pili. Niliona kwamba Avg hukubali agizo la distinct, lenye maana ya kuondoa kinachojirudia, nikaliweka. Namba ikabadilika, Count nayo nikaipa distinct ya kitambulisho cha mwanafunzi ikawa sawa, nikafunga kazi. Sikujua kwamba distinct ndani ya Avg haimwangalii mwanafunzi, huiangalia alama. Wanafunzi watatu wenye 70, 70 na 90 wana wastani wa 76.67, lakini distinct huziona zile 70 mbili kuwa kitu kimoja, hugawa 160 kwa 2, na kukupa 80. Katika mtihani ambao alama ni namba kamili na wanafunzi ni wengi, kulingana alama ndiyo hali ya kawaida, hivyo wastani wangu mpya ulikuwa umewafuta karibu wanafunzi wote waliofanana na wenzao. Ningesema bila kusita kwamba distinct ndani ya Avg ina matumizi halali machache mno, na anayeiona katika msimbo wa wenzake aizuie hadi apewe sababu.

Tiba ya kweli ilikuwa kubadilisha swali. Sikuhitaji vikundi vya mwanafunzi, nilihitaji kujua tu kama yupo walau katika kimoja. Django ina Exists na OuterRef, ambazo huandika ulizo dogo ndani ya ulizo kubwa na kujibu ndiyo au hapana kwa kila mwanafunzi bila kumzidisha. Alama ikabaki mstari mmoja, Avg ikagawa kwa idadi inayostahili, na ripoti sahihi ikaonyesha tofauti ndogo kuliko ile tuliyokuwa tumeitangaza. Niliwaandikia walimu wote kueleza nini kilikosewa, tangu lini, na namba sahihi ni ipi. Barua hiyo ilikuwa ngumu kuiandika kuliko msimbo.

Baada ya hapo nilidhani nimemaliza, mpaka lilipokuja suala ambalo halikuwa kosa la msimbo kabisa. Ukurasa wa shule nzima ulipata wastani wake kwa kuchukua wastani wa kila darasa, ambao tayari nilikuwa nao, kisha kuutafutia wastani. Darasa la wanafunzi 10 wenye wastani wa 90 na darasa la wanafunzi 40 wenye wastani wa 60 yalitoa 75. Ukigawa jumla ya alama zote kwa wanafunzi wote 50, unapata 66. Nilibadilisha nikatumia hesabu ya pili, nikiamini kwamba ya kwanza ilikuwa uzembe tu. Muhula uliofuata nikaulizwa jambo lililoninyima usingizi: kila darasa limepanda, iweje shule imeshuka?

Niliitafuta kasoro kwenye ulizo kwa siku mbili, na haikuwepo. Tuseme muhula wa kwanza darasa moja lina wanafunzi 40 wenye wastani wa 80 na jingine lina 10 wenye wastani wa 50, shule nzima ni 74. Muhula wa pili, baada ya uhamisho, la kwanza lina 20 wenye 82 na la pili lina 30 wenye 54. Madarasa yote mawili yamepanda, ilhali shule imeshuka hadi 65.2, kwa kuwa uzito umehamia kwenye darasa lenye alama za chini. Wanatakwimu wanalifahamu jambo hili kwa jina la Edward Simpson, aliyeliandikia makala mwaka 1951. Mfano wa jambo hilo unaotajwa mara nyingi ni wa udahili wa mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako asilimia 44 ya wanaume walioomba walikubaliwa, na asilimia 35 ya wanawake walioomba, lakini tofauti hiyo haikuonekana tena namna hiyo idara zilipotazamwa moja moja, kwa kuwa wanawake waliomba kwa wingi zaidi katika idara ngumu kuingia. Kwangu mimi faida ya kulijua jina hilo ilikuwa ya vitendo: niliacha kutafuta kosa lisilokuwepo, nikaweka ukurasani namba zote mbili, kila moja ikiwa na maelezo ya inachogawia, na idadi ya wanafunzi wa kila darasa ikisomeka kando.

Kuhusu ukadiriaji wa desimali sitakaa sana. Kurasa mbili zilionyesha wastani mmoja kuwa 72 na 73. Wastani wenyewe ulikuwa 72.5, round ya Python huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo ikatoa 72, na floatformat ya violezo vya Django huipandisha, ikatoa 73. Nilichagua floatformat, nikaifanya kuwa mahali pekee pa kukadiria, mwisho kabisa wa safari ya namba. Anayeandika SQL kwa mkono aangalie pia aina ya safu: katika hifadhidata ya SQL Server, AVG ya safu ya namba kamili hurudisha namba kamili na kukata desimali, kiasi kwamba wastani wa 1 na 2 unakuwa 1, wakati hifadhidata ya PostgreSQL hurudisha 1.5.

Baadaye tuliwaruhusu wanafunzi kuyapa masomo nyota, kuanzia moja hadi tano, na orodha ya masomo ikawa inafunguliwa kila mara. Ili kuipunguzia hifadhidata kazi niliamua kuhifadhi wastani katika jedwali la masomo na kuusasisha kila nyota mpya ilipoingia. Wanafunzi wawili wakituma kwa wakati mmoja, wote wawili husoma wastani wa zamani, wote hukokotoa mpya, na anayeandika mwisho humfuta mwenzake. Niliacha kuhifadhi wastani, nikahifadhi jumla na idadi katika safu mbili, nikiziongeza kwa F, ambayo huiagiza hifadhidata iongeze yenyewe badala ya kuandika namba niliyoisoma zamani. Anayebadilisha nyota zake huongeza tofauti kwenye jumla bila kugusa idadi, na anayezifuta hupunguza zote mbili. Kila usiku kazi ndogo hulinganisha safu hizo na hesabu iliyofanywa upya kutoka kwenye rekodi zenyewe.

Orodha hiyo ilihitaji pia kupangwa kwa haki. Somo lililopewa nyota 5 na mtu mmoja lilikaa juu ya somo lenye wastani wa 4.7 kutoka kwa watu 300. Niliazima njia inayotumiwa na wengi, ya kumpa kila somo wapigaji kura 10 wa kufikirika wenye wastani wa masomo yote, ambao wakati huo ulikuwa 4.0. Somo la mtu mmoja likawa 45 kugawa kwa 11, yaani 4.09, na lile la watu 300 likawa 1450 kugawa kwa 310, yaani takriban 4.68. Namba hizi hutumika kupanga tu. Anachokiona msomaji ni wastani halisi pamoja na idadi ya waliotoa nyota.

Makosa ya urudiaji, distinct na uwazi sasa yana jaribio moja la msimbo linalotulinda nayo, lenye wanafunzi wanne: mmoja ana 90 na yuko katika vikundi vitatu, wawili wana 70 kila mmoja na wako katika kikundi kimoja kimoja, na wa nne ana ruhusa ya ugonjwa, hana alama, naye pia yuko katika kikundi kimoja. Jibu sahihi ni 76.67 kwa wanafunzi 3. Nilizichagua namba hizo kwa makusudi ili kila kosa liwe na jibu lake: mistari ikijirudia jibu ni 82, distinct ikiingia ndani ya Avg jibu ni 80, na uwazi ukihesabiwa kuwa sifuri jibu ni 57.5. Wiki chache zilizopita mwenzangu aliandika upya ulizo la ripoti ya vikundi, jaribio likaanguka likionyesha 82, na kabla hajaniita alikuwa ameshairudisha Exists mahali pake.